Mvuke wa Kitenge

Kila nikipiga pasi kitenge ambacho hakijakauka vizuri, mvuke wake hunirudisha Liverpool, jikoni kwetu, siku za korona. Mama alikuwa akinyoosha barakoa alizoshona, nyimbo za ibada ya Jumapili zikisikika taratibu kwenye simu. Tangu kanisa lifungwe, alisema Mungu amekuwa kama mtu asiyepokea simu.

Jirani yetu, mama mmoja Mrundi, alikuwa amefukuzwa kazi ghalani kwa kukohoa tu. Mama naye alifanya kazi hapohapo. Ghafla akakatiza ibada, akampigia msimamizi wao, akanisogezea simu nimtafsirie.

"Mwambie amemdhulumu mama wa watu. Amrudishe kazini."

Niliogopa kwamba na mama atafukuzwa, basi Kiingereza changu kikajaa "please" nyingi. Neno hilo mama alilijua.

"Hilo sikukutuma," akasema. "Sema nilivyosema."

Nikasema hivyohivyo. Msimamizi akakata simu.

Nikamuuliza mama kama nirudishe ibada.

"Iache," akasema, macho ameyafumba katikati ya mvuke, uso umelainika. "Mungu amepokea."