Povu la Kahawa ya Besim

Sauti ambayo Fikret Kapić hakuisahau ni ya mdila, birika la shaba la kahawa, kuanguka juu ya jiwe. Vita vya Bosnia alivyopigana viliisha, akarudi kufuga nyuki karibu na Bihać, hadi watu wa filamu walipomwajiri awafundishe waigizaji maisha ya handakini. Filamu ilikuwa ya kuchekesha, na ndani yake wakatia kisa alichowasimulia mwenyewe, cha rafiki yake Besim aliyetoka handakini kufuata kahawa iliyoachwa motoni.

Siku ya kupiga picha, mwigizaji wa Besim alirudi akitambaa na mdila.

"Sivyo," Fikret alisema. "Alitembea wima."

"Mdunguaji yuko mlimani, mzee wangu!" alisema Jasna, mwongozaji. "Nani ataamini?"

"Ukitambaa, povu linamwagika. Angeleta kahawa isiyo na povu, tungemzomea mwezi mzima."

"Watu watacheka."

"Hata sisi tulicheka. Tulimpigia kelele, 'Bibi harusi, ongeza mwendo!'"

Jasna akamwashiria mwigizaji arudi mwanzo. "Haya, mara moja tu. Nisipoamini, atatambaa."

Mwigizaji akaja wima, polepole, macho kwenye povu. Wote wakaangua kicheko. Risasi ya uongo ikalia, akaanguka, mdila ukagonga jiwe. Kicheko kikakatika. Jasna hakumwambia arudie.

Fikret akainama, akauokota mdila, akaufuta kwa mkono wa koti lake.

"Tutachemsha nyingine, Besim," akanong'ona.