Mkunga wa Kiume na Mama Mkwe Wake

Siku ya kwanza niliporipoti kazini, mlinzi wa zahanati alinielekeza kwenye dirisha la wagonjwa wa nje. Nilipomwambia nimepangiwa wodi ya wazazi, alicheka mpaka akashika kiuno. "Ndugu yangu, huko mwanamume huingia mara moja tu, na siku hiyo hana hata meno!"

Zahanati yenyewe ilikuwa hatua chache kutoka soko la Kariakoo. Matroni, yaani mkuu wa wauguzi, mama mnene asiyecheka ovyo, alinipokea na beseni la maji. "Osha mikono mpaka viwikoni," akaniamuru. Nilipomaliza akaongeza, "Sasa osha na macho. Utakayoyaona humu yaishie humu." Azimio la Arusha lilikuwa bado jipya masikioni mwetu, na wanaume tuliofunzwa ukunga tulikuwa wa kuhesabika. Wenzangu wengi walipelekwa vijijini. Mimi nilibakizwa mjini, labda kwa kuwa Matroni alitaka kuona Kariakoo itanifanya nini.

Ilinifundisha adabu. Nilipiga hodi kwenye pazia, nikangoja niitikiwe. Nilizungumza kwanza na mama mtu mzima aliyemsindikiza mzazi, kisha na mzazi mwenyewe. Kile kifaa cha mbao cha kusikilizia mapigo ya mtoto, kinachofanana na tarumbeta ndogo, nilikishika mkononi mpaka mwenye tumbo aisogeze khanga kwa hiari yake. Glovu tulizichemsha, tukazipaka poda, tukazivaa tena, maana vifaa vilikuwa adimu kama sukari. Na nje ya zahanati sikuthubutu kumsalimu kwanza mwanamke niliyemzalisha. Sista, mwenzangu wa zamu, akipita sokoni aliitwa huku na huku aonyeshwe watoto "wake". Nikipita mimi, khanga zilivutwa usoni. Iliniuma, nisiwafiche.

Nilikuwa na mke, Somoe, na binti mmoja, Hadija. Ukoo wa Somoe ulitoka kusini ukahamia Ilala, na desturi zao walizibeba zote. Kwao mwanamume na mama mkwe wake hawaangaliani, hawapeani mkono, wala hawasemeshani ana kwa ana. Nikimwona mama mkwe sokoni, nilijibanza nyuma ya mafungu ya dagaa mpaka apite, na wauza dagaa walishanizoea. Na kina Somoe waliamini kwamba mtu akiuona utupu wa mama mkwe wake, ndoa imekwisha hapohapo.

Sasa mama mkwe huyo akashika mimba. Msishangae, alimzaa Somoe akiwa kigori. Zahanati iliyokuwa karibu naye ni ile yangu, na kwa sababu hiyohiyo hakukanyaga kliniki hata siku moja. Aliamua kujifungulia nyumbani, na bibi mmoja wa mtaani kwao.

Ilikuwa Jumapili alasiri, enzi zile magari yalipokatazwa kutembea Jumapili mchana ili kubana mafuta. Sista alikuwa ameondoka na gari letu la wagonjwa kumpeleka mzazi mwingine hospitali kubwa. Matroni hakuwa zamu. Nikasikia kelele mlangoni, nikatoka. Somoe alikuwa anasukuma mkokoteni wa soko pamoja na mwenye nao, mtoto mchanga amefungwa kifuani pake, na juu ya mkokoteni mama yake amelala katika damu.

"Baba Hadija, Sista yuko wapi?"

"Kaenda hospitali kubwa, na gari."

"Matroni je?"

"Leo Jumapili, Somoe. Niko peke yangu."

"Bibi kamtoa mtoto, kondo limemshinda," akasema. Mama mkwe, aliposikia sauti yangu, alijivutia khanga kichwani.

"Mwambie mama," nikamwambia Somoe, "kondo la nyuma limebaki ndani. Lisipotoka, tumbo la uzazi halijikazi, na damu haitasimama."

"Mwambie mume wako," ikajibu sauti ndogo chini ya khanga, "aniache nife na heshima yangu."

Somoe alinitazama. Sote wawili tulijua nikiingia na mama yake mle ndani nini kitafuata. "Muokoe," akasema, na machozi yakamtoka.

Nilivaa glovu, nikaingiza mkono, nikalibandua lile kondo kidogokidogo huku mkono wa pili umeshika tumbo kwa nje. Nikampiga sindano ya kukaza kizazi. Damu ikapungua, ikasimama. Somoe alikaa upande wa kichwa, amemfunika mama yake uso. Nilimsikia mama akilia, na najua kulia kwa maumivu. Kule hakukuwa kwa maumivu peke yake.

Wiki haikuisha, mjomba wake Somoe akaja nyumbani. Kwao mjomba ndiye mwenye neno. Matroni alipopata habari alikuja na sare yake, akakaa jamvini nasi.

"Mkwe," mjomba alianza, kisha akajirekebisha, "Bwana Mfaume. Dada yangu yu hai kwa mikono yako. Nikikulaumu, Mungu atanishangaa. Lakini huwezi kurudi kwa binti yake."

"Mzee wangu," Matroni akadakia, "wodini hakuna mkwe. Kuna mgonjwa na mkunga."

"Huko wodini sawa, mama. Lakini hawa wanalala nyumbani."

Matroni, aliyekuwa na jibu kwa kila daktari, aliinuka akavaa viatu vyake. Somoe alifunga mizigo yake jioni ileile. "Ungemwacha, ningekuchukia," aliniambia mlangoni. "Hukumwacha, nimekukosa." Akampakata Hadija wakaenda. Nililia kama mtoto, na sioni aibu kuandika hivyo.

Nilifanya kazi ile mpaka nikastaafu. Mimi nami nikawafunza wakunga, wa kike na wa kiume, na leo wanaume wodini hawachekwi na mlinzi. Vijana huniuliza kama ningerudi siku ile ningefanya vilevile. Ningefanya. Mkunga hachagui damu ya kuisimamisha. Ila msidanganyike kwamba aliyetenda haki hulala usingizi mzuri.

Na kilichoniumiza kupita vyote si kikao kile. Miaka kadhaa baadaye nilipita Ilala, nikasikia mwanamke akiita uani, "Mfaume! We Mfaume, njoo ule!" Nilisimama kama niliyepigwa. Mtoto mdogo wa kiume akakimbia ndani. Mama mkwe alikuwa amempa mwanawe jina langu. Ilikuwa shukrani yake, na kwa upande wake ilikuwa kubwa. Lakini katika ukoo wao, mama halitamki jina la mkwewe maishani mwake, hata nyumba ikiungua. Alikuwa analiita kwa sauti, bila woga, kama jina la mtu baki, mtaa mzima unasikia.