Miaka Yangu ya Kupika Bila Kuonja

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa jikoni kabla ya saa sita mchana. Nilikuwa nimeajiriwa kuosha vyombo katika hoteli ya chakula cha Kihindi pale Golden Valley, huku Marekani. Theluji ilimzuia mpishi msaidizi kufika, basi nikaambiwa nisimamie sufuria ya dengu. Nikafanya kama alivyofanya mama yangu kule Tanga: nikachota kidogo kwa mwiko, nikadondoshea kiganjani, nikalamba. Chumvi ilikuwa imekolea vizuri. Nyuma yangu nikasikia Kiswahili cha nyumbani kabisa: "Wee! Umekula kabla ya Mungu?"

Ndivyo nilivyokutana na Mpishi Mkuu. Alikuwa bibi wa Kigujarati, mfupi, sweta nzito juu ya sari, mzaliwa wa Moshi. Sote tulimwita Ba, yaani mama kwa lugha yake. Dengu yote ilimwagwa na mimi nikarudishwa kwenye sinki, nikiwa nimenuna kama mtoto aliyenyimwa futari.

Nyie vijana mnadhani kupika ni kuonja. Kwa Ba, chakula hakikuonjwa jikoni hata siku moja. Kibakuli kidogo kiliwekwa kwanza mbele ya picha takatifu, kwenye rafu juu ya magunia ya mchele, ndipo binadamu wakala. Ukitangulia wewe, umempa Mungu makombo. Nyama nayo hakuila maishani mwake wala hakuigusa. Kuku wa siagi, ambaye Wamarekani walimwendeshea gari maili nyingi kwenye barafu, mchuzi wake uliungwa na mwanamke asiyejua kuku ana ladha gani! Kwa sababu hiyo alihitaji mtu wa kushika nyama, na baada ya miezi michache ya sinki akanichagua mimi.

"Sasa Ba, unajuaje kama imekolea?" nilimuuliza.

"Mungu kanipa pua, Hamisi. Wewe yako ni ya kushikilia miwani tu?"

Akanifundisha. Menyu ilikuwa ndefu, lakini nyuma ya menyu yote kulikuwa na sufuria moja kubwa tuliyoiita mchuzi mama. Vitunguu hukaangwa polepole mpaka vigeuke rangi ya udongo, kisha tangawizi, kitunguu saumu, nyanya na manjano. Mteja akiagiza, mpishi anachota upawa mmoja wa mchuzi mama, anaongeza krimu, au mchicha, au nazi, na chakula kinapata jina lake. Mwisho hutiwa tadka, yaani mafuta ya moto yenye mbegu za haradali na bizari nyembamba. Hapo hutazami, unanusa. Harufu ikibadilika kutoka ya shamba kuwa ya karanga, epua. Ukichelewa kidogo tu, uchungu umeingia na hautoki. Ilinichukua miaka miwili kuiamini pua yangu, na mpaka leo najivunia.

Wateja wa wakati ule waliuliza kama kari ni unga wa aina moja. Pilipili tuliipanga kwa ngazi, moja mpaka tano, na wao waliomba moja huku wameshika glasi ya maji tayari. Leo wajukuu zao wanaagiza nne na kutufundisha sisi jinsi ya kutamka palak paneer, ule mchicha wa jibini. Lakini tabia moja ya watu wa huku haijabadilika. Chakula kikiwa kibaya hawagombi. Wanakwambia kwa tabasamu, "Interesting," wanashukuru, wanavaa makoti yao, na hutawaona tena.

Wateja walipozidi, Meneja akafungua tawi la pili Maplewood, akatuhamishia huko Ba na mimi. Meneja alikuwa mtoto wa Ba, aliyezaliwa hukuhuku. Kiswahili alikielewa chote lakini mara nyingi alijibu kwa Kiingereza. Alimpenda mama yake na alitaka apumzike nyumbani. Ba hakutaka hata kulisikia neno hilo. "Nyumbani kuna televisheni na kuta," aliniambia. "Nikikaa huko nitakufa nikiwa macho."

Mwaka huo Ba akapata homa kali ya mafua, wiki nzima kitandani. Aliporudi, siku ya kwanza tu, haradali ikaungua mbele yake naye ameinama juu ya kikaango, ametulia. Nikaiepua mimi. Kesho yake mchuzi mama ukashika chini. Moshi ulikuwa umejaa, mimi nakohoa, yeye anakoroga. Hapo nikajua, na moyo ukaniuma kweli.

Sikusema. Nilirudia dhambi yangu ya siku ya kwanza: Ba akigeuka, nachota, kiganjani, nalamba, narekebisha. Hata kile cha kibakuli cha Mungu nilikionja. Nilifanya hivyo wiki tatu, lakini sikuweza kuwa kila mahali. Siku niliyokuwa kwenye tanuri nikibandika mikate ya naan, sufuria iliyoungua ikaenda mezani, na meza nzima ikasema "interesting."

Meneja akaniita pembeni, Ba akiwa hatua chache kutoka kwetu. "Hamisi, be honest with me. Ni Mama?"

"Ni mimi," nikasema. "Nilizembea."

Akamtazama Ba, kisha mimi. "Ikitokea tena, mmoja wenu anaondoka."

Alipotoka, Ba akaweka mwiko chini. "Kwa nini unamdanganya mwanangu?"

Nikageukia sinki, nikafungua maji.

"Sinusi kitu, Hamisi. Tangu ile homa. Sabuni, vitunguu, gesi, vyote kama maji."

Nikaona bora niseme yote. "Nisamehe, Ba. Mimi nimekuwa nikionja. Kila sufuria. Hata ya Mungu."

Nilisubiri kufukuzwa mara ya pili. Ba alikaa juu ya gunia la mchele, akafikiri. Kisha akainuka, akachukua kibakuli, akachota dengu ambayo haijatiwa chumvi wala tadka, akaiweka rafuni, akafumba macho kidogo. Akanipa mwiko.

"Haya. Yeye ameshakula. Sasa onja."

"Lakini Ba, umempa isiyo na chumvi!"

"Mungu ni mvumilivu. Watu wa Maplewood sio."

Jioni hiyohiyo alimwambia mwanawe mwenyewe, mbele yangu, kwamba pua imekufa na kwamba kuanzia sasa anatumia yangu. Meneja alifuta macho kwa aproni. Ba akabaki jikoni miaka mingine sita, yeye mikono, mimi ulimi, na alitoka siku aliyotaka yeye.

Mimi nilimalizia kazi kwenye tawi jingine, la Inver Grove Heights. Vijana wa pale wanapima kila kitu kwa mizani na chakula chao ni kizuri, sina ugomvi nao. Nawaomba tu mjue kwamba chakula hiki mnachokipata leo hata dukani, kwenye friji, kilipendwa hapa kwa sababu ya watu waliosimama juu ya moto wakiogopa kukosea.

Jumamosi huwa naenda kwa Ba. Magoti yake hayamruhusu kusimama, kwa hiyo mimi napika, yeye anaamrisha. Anapoletewa bakuli, haanzi kula mara moja. Analishika kwa mikono miwili, anafumba macho na kuninyooshea kidevu.

"Niambie, mwanangu. Inanukaje?"

Basi naweka kijiko changu chini, navuta pumzi, na namwambia yote, nikianzia kwenye vitunguu.