Alasiri Mama Alipoamsha Kompyuta

Juzi, kwa muuza vyuma chakavu pale Kimbo, niliona kabati la kompyuta ya zamani, refu kama friji. Harufu yake ya vumbi na plastiki iliyopata moto ilinirudisha Thika, kwenye ofisi ya kiwanda ambako mama alikuwa fundi wa kompyuta.

Alasiri moja, nikiwa mtoto mdogo, alienda nami kazini kwa sababu nyumbani, mtaa wa Landless, hakukuwa na mtu wa kubaki nami. Kompyuta ilikuwa imekataa kuwaka. Diski ilianza kuzunguka, ikakwaruza kidogo, kisha ikanyamaza.

"Amka basi," mama aliiambia. "Tafadhali, amka."

Niliamini kuna mtu amelala ndani.

Mama alitoa diski, pana kama sinia, akapangusa pale inapokaa, akairudisha taratibu na kuweka sikio kwenye kabati. Mvumo ukapanda, ukapanda, hadi sakafu ikatetemeka chini ya miguu yangu. Taa ya kijani ikawaka. Mama akacheka kwa sauti, kitu ambacho hakuwa amefanya kwa siku nyingi.

Nikamshika mkono. "Mami, umemwamsha! Sasa twende tumwamshe cucu."

Cucu, mama yake, tulikuwa tumemzika juma lile.

Leo najua ni uchafu tu uliozuia diski isikae sawa. Siku hiyo nilidhani nimesema vibaya, maana mama aliketi sakafuni ghafla. Lakini hakunikemea. Alinipakata, na kwa kuwa mimi ndiye niliyepewa jina la cucu, akaniita "maitu", yaani mama yangu. Alirudia, "Maitu, maitu," mpaka akaweza kuinuka.