Nilipata niche yangu kwenye kofia za mkono, nikampoteza dada yangu

Wakuu, asalamu aleikum. Na wa salamu nyengine, habari zenu.

Wiki hii nimesoma humu uzi wa kijana mmoja anatufundisha biashara ya mtandaoni. Tafuta niche, yaani kitu kimoja chako, weka focus, uonekane tofauti na wenzako. Watu wamemshukuru mpaka ukurasa wa pili. Na yote aliyosema ni kweli.

Ila kuna kitu hakukisema, labda hakijamfika. Mie kimenifika, na ntakuelezeni kama kilivyokuwa, sitii chumvi wala sipunguzi. Wanaonijua hapa Unguja watanitambua. Wanitambue tu.

Mie ni mwanamke, nakaa Kiponda, Mji Mkongwe. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nlikuwa nafanya kazi kwenye internet cafe moja upande wa Shangani. Kazi yangu kuwafungulia watu kompyuta na kuwakumbusha kuwa muda umekwisha. Asubuhi kompyuta zote tupu, basi nikajifunza kutengeneza website. Hakuna aliyenifundisha.

Nikafungua ya kwangu, na nikatia kila kitu. Karafuu, mdalasini, kanga, makawa ya kufunikia chakula, picha za milango. Mpaka safari za Matemwe nlitia, na Matemwe kwenyewe sina hata mtu ninayemjua. Yote kwa Kiingereza cha kuokoteza, maana niliona wenzangu wanaandika vile.

Mwaka mzima kimya.

Na kwa nini kusiwe kimya? Wakati ule ukifungua website za Zanzibar, hii karafuu na mlango, ile mlango na karafuu. Ningekuwa mteja mie, nisingejichagua.

Siku moja ikaingia email ya Kiswahili. Mzee mmoja, mtu wa hapa hapa mjini, kahamia Maskati zamani. Karafuu hataki. Anauliza kama naweza kumpatia kofia ya viua ya mkono, kwa sababu za huko ni za mashine na akivaa anajiona kama kafunikwa kifuniko cha birika. Nilicheka peke yangu pale cafe.

Kwa wasioijua: kofia ya viua ni ile nyeupe yenye tundu ndogondogo za mapambo. Ya mkono, kila tundu inazungushiwa uzi peke yake, na moja huchukua miezi. Ya mashine inatoka mara moja. Kwa mbali zinafanana, ukiigeuza ndani ndo unajua.

Chwaka yupo Bi Mwanakheri, alikuwa shoga wa marehemu mama. Yeye na wenzake wanashona. Nikamfuata, akanipa moja, nikaituma. Yule mzee akawaambia wenziwe, na wenziwe wakaniandikia.

Hapo nikafanya uamuzi. Nikafuta yote. Karafuu nje, milango nje, Matemwe nje. Nikabakisha kofia ya mkono peke yake, tena kwa Kiswahili peke yake. Nikaandika namna ya kujipima kichwa kwa uzi, nikaweka na picha ya mikono ya Bi Mwanakheri akishona. Wenzangu wa cafe waliniambia nimerukwa na akili.

Oda zikaja. Maskati, Dubai, London, mpaka Canada. Nawaambia mtasubiri miezi, wanasubiri. Nikaacha kazi, nikawa nakwenda pale cafe kama mteja.

Mpaka hapa yule kijana yuko sawa kabisa. Sasa sikilizeni.

Nina dada yangu, tumwite Zuwena. Mama alifariki mie mdogo, Zuwena ndiye aliyenilea. Kunisuka yeye, kunipeleka chuoni kusoma Kurani yeye, kunifunza kupika yeye. Mumewe ana duka Darajani, anauza kofia za mashine zinazotoka nje kwa mabunda.

Akaja kwangu na mfuko umejaa.

"Mdogo wangu, nitilie na hizi za shemeji yako huko kwenye mtandao."

"Dada, hizi si za mashine?"

"Kofia si kofia? Nani atakayegeuza ndani?"

Wateja wangu kazi yao ndo hiyo, kugeuza ndani.

Wakuu wa bara, hapa nikuelezeni kitu. Sisi kwetu kuna muhali. Ni ile hali ya kuwa mtu kakuomba jambo, hulitaki, lakini kwa heshima yake na udugu wenu mdomo haufunguki kukataa. Biashara ngapi Unguja zimekufa kwa muhali. Duka la vitabu linaishia kuuza ndala za mjomba.

Na mtu wa kumuonea muhali, kwangu mie, hakuna kuliko Zuwena. Nikamkatalia.

Nikamwambia ntamtengenezea shemeji website yake, bure, kwa sharti aandike wazi kuwa ni za mashine. Akanitazama, akasema, "Kumbe una maneno." Akabeba mfuko wake. Chai hakuimaliza.

Baadaye mteja wa Dubai akaniandikia kwa hasira kwamba kofia niliyomuuzia ni ya mashine. Nikatafuta jina lake kwangu, halipo. Nikamuuliza kanunulia wapi, akanitumia anwani ya website. Kufungua, maneno yangu yote yako pale, hata neno nililokosea herufi limekosewa vilevile. Na mikono ya Bi Mwanakheri ipo, chini yake imeandikwa "kofia za mkono". Simu iliyowekwa ni ya shemeji.

Nikenda kwa dada. Nlikwenda kwa adabu. Jibu lake: "Mtandao hukuachiwa wewe peke yako na marehemu baba."

Wateja wakaanza kuniuliza wewe ni yupi katika hawa wawili. Wengine hawakuuliza, waliacha tu. Bi Mwanakheri akawa ana kofia zimekwisha kushonwa na hazina wa kuzinunua. Akaniuliza, "Mwanangu, mikono yangu inauza nini huko?"

Basi nikaandika tangazo fupi juu kabisa ya website. Hatuna tawi. Mikono kwenye picha ni ya mshonaji wetu. Kofia za mashine hatuuzi. Sikutaja jina la mtu.

Lakini mji huu nani wa kutajiwa jina? Maskati walijua, na Darajani wakajua. Watu wakawa wanapita dukani kwa shemeji wanageuza kofia zake na kucheka. Website yake ikafungwa. Wateja wangu wakarudi, na kina Bi Mwanakheri wakapata kazi mpaka za kukataa.

Nilishinda, kama mnataka kuita hivyo.

Iddi iliyofuata nikapeleka sahani ya vyakula kwa dada, Mkunazini. Ikarudi imefunikwa vilevile. Kutoka kwangu kwenda kwake ni vichochoro vichache tu, na miaka yote hii hatujasemezana. Tukikutana njiani anatazama ukuta.

Mwaka jana nikapata oda ya kijana wa Maskati. Anaoa Unguja, anataka kofia ya siku ya nikaha, iliyo bora kuliko zote nilizonazo. Anaomba ipelekwe kwa wakwe zake, kwa sababu yeye atafika siku za mwisho. Akaandika mtaa na jina la mama mkwe.

Mama mkwe ni Zuwena.

Hivyo ndivyo nilivyojua kuwa Raya, binti yake, anaolewa. Mtoto niliyembeba mgongoni, akilala kwangu wiki nzima hataki kurudi kwao. Mie ndo mama yake mdogo, na kwetu mama mdogo ndo mtu wa kukaa na bibi harusi akipakwa hina. Habari za harusi yake nimezipata kwa mteja.

Nililia pale cafe, watu wananitazama. Kisha nikachagua kofia nzuri kuliko zote, nikamtuma mtu aipeleke. Jina langu sikuliweka.

Baada ya harusi yule kijana akaniandikia kunishukuru. Kila mtu kaisifu kofia. Akamaliza hivi: "Kumbe uko hapa hapa mjini, dada. Ningejua ningekualika."

Nikamjibu kama ninavyowajibu wateja wote. Ahsante, tunakutakia kheri, karibu tena.

Funzo langu ni hili wakuu. Kabla hujaweka focus, jiulize nani wako atakuja na mfuko wake mlangoni, na kama unaweza kuishi baada ya kumkatalia. Vitabu vya biashara havisemi hayo, labda walioviandika hawana dada.

Mkiniuliza ningefanya vyengine, sijui. Kila nikifikiria namuona Bi Mwanakheri na kofia zake mapajani, na namuona Raya. Sijapata jibu.

Aliyewahi kumkatalia nduguye na bado wakabaki ndugu, aniandikie hapa chini alitumia maneno gani. Wa kunipa hongera ya biashara apite tu.