Moto Umefungwa

Neno lililomvunja mkono Ma Edvina lilisafiri kwa simu kutoka Muleba mpaka Izigo, na aliyelisema alikuwa anacheka.

Jina lake Avit, fundi wa mashine ndogo. Kibanda chake cha mabati kinatazama barabara ya Bukoba, na ndani mmejaa misumeno ya mnyororo, mashine za kukata nyasi na pampu za kupulizia mibuni dawa. Kazi aliijua barabara. Ugonjwa wake ulikuwa mdomo. Hakuweza kumwambia mteja kwamba kitu kimeharibika bila kutia mzaha. Wateja walimpenda kwa hilo, naye alipenda kupendwa.

Cheche ya plagi mafundi huiita moto. Mashine isiyotoa cheche haina moto, basi. Lakini Avit alikuwa na usemi wake: mashine ikigoma bila sababu ya kuonekana, alisema "moto umefungwa." Waliozoea kukaa kibandani walijua maana yake ni umeme kukatika mahali fulani, wakacheka. Hakuwahi kujiuliza neno hilo lingesikikaje mahali ambapo watu hawacheki.

Siku hiyo alipiga simu Rutaihwa, mnunuzi wa miti wa Izigo. Avit aliiweka simu kwenye spika, kama kawaida yake, ili waliokuwepo wafaidi.

"Fundi, huu msumeno utaniua! Plagi nimetia mpya. Petroli ipo. Nyumbani unawaka, mikaratusi yangu tunaiangusha vizuri tu. Tukifika kwenye mti wa mpakani kwa Ma Edvina, unakufa. Jana hivyo, leo hivyo!"

"Kwa Ma Edvina tu?"

"Kwake tu! Na alikuja kusimama pale akatuambia msumeno hautalia juu ya kaburi la mume wake lililo chini ya mti huo."

Avit alikwisha kujua. Ndani ya koili, inayotengeneza moto wa plagi, mna nyaya nyembamba kama nywele. Koili ikichoka, nyaya hizo zikipata joto huachana, cheche ikapotea. Zikipoa hugusana tena. Mti wa Ma Edvina ulikuwa wa mwisho katika kazi ya kila siku, na walipoufikia msumeno ulikuwa umechemka. Ilimpasa kusema maneno machache tu: koili imechoka, nileteeni. Lakini kibanda kizima kilikuwa kinamtazama, midomo tayari kwa kicheko.

"Basi Ta Rutaihwa, moto umefungwa! Mwambieni aliyeufunga aufungue!"

Watu wakaangua kicheko. Upande wa pili hakuna aliyecheka. Sauti ya kijana ikapaza: "Mmesikia? Fundi mwenyewe amesema! Huyu omurogi, mchawi huyu, ameufunga!" Simu ikakatika.

Avit akapiga tena. Ikaita, haikupokelewa. Akapiga tena. Kicheko kibandani kikafifia, maana hakuna asiyejua wanavyofanywa vikongwe wanaoitwa wachawi. Avit akanyakua mfuko wa spana, akarukia pikipiki ya kwanza aliyoiona barabarani.

Kwa Ma Edvina alikuta migomba imefyekwa, si kwa mavuno. Mlango wa nyumba ulikuwa chini. Mbuzi alilala uani, shingo wazi, nzi wamekwisha fika. Kelele zilitoka mpakani, akazifuata.

Walikuwa wamemfunga Ma Edvina kwenye shina la mti kwa kamba ya mbuzi yule yule, na msumeno wameuweka miguuni pake. Boniface, mpwa wa Rutaihwa, alishika rungu.

"Fungua!" Rungu likashuka. "Fungua moto!" Likashuka tena.

"Nifungue nini, mwanangu?" Ma Edvina alisema, na damu ikatoka pamoja na maneno. Mkono wake wa kulia ulining'inia kama si wake.

Waliomzunguka hawakuwa wageni. Walikuwa majirani waliopiga magoti naye kigangoni Jumapili ile. Yuster, aliyekaa naye benchi moja, alishika jiwe. Rutaihwa alisimama kando akitazama viatu vyake, na mtu anayetazama viatu vyake wakati bibi anapigwa naye anapiga.

"Acheni!" Avit alijitupa katikati. "Ulikuwa mzaha! Koili imeharibika! Nipigeni mimi niliyesema!"

Wakampiga. Fimbo ilimpata begani, teke likamkuta tumboni, akala udongo. Aliponyanyua kichwa, akaona Boniface ameinama, ameshika kamba ya kuwashia, anaivuta kwa hasira.

Msumeno ukawaka.

Avit akaelewa. Msumeno ulikuwa umelala pale muda wote wa kipigo, na koili ilikuwa imepoa.

"Amefungua!" Boniface alipiga kelele, rungu juu. "Mmeona wenyewe! Alikuwa ameufunga, sasa ameufungua!"

Umati ukanguruma kushinda injini. Mtu akaleta panga. Mtu mwingine akataja petroli. Muda ule wote walikuwa wanamshuku. Sasa walikuwa na ushahidi, na ushahidi huo aliwatengenezea fundi.

Avit akajiburuta, akaukumbatia msumeno kabla haujazimwa. "Boniface! Unasema ameufungua? Basi uko huru. Naupeleka kwa mjomba wako, kwenye mikaratusi yenu, mbali na huyu mama. Ukilia mpaka nimalize gogo lile, tuueni wote wawili. Ukifa, mnasikiliza."

"Kata," Boniface alisema. "Mimi niko nyuma yako na panga."

Avit akavuka mpaka, Boniface, Rutaihwa, Yuster na wengine nyuma yake. Bega lilimuuma hata macho yakaona giza. Akauzamisha mnyororo kwenye gogo, unga wa mti ukamrukia usoni. Akamaliza pande moja. Msumeno ulilia vizuri, mzima kabisa. Akaanza la pili. Tangu ajifunze ufundi aliomba mashine ziwake. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, alimwomba Mungu mashine ife. Ikazidi kulia. Nyuma yake alisikia Boniface akicheka, na mbali zaidi, rungu alilomwachia mwenzake likimpata mtu asiyekuwa na nguvu za kupiga yowe.

Msumeno ukakohoa. Ukashika tena. Ukakohoa, ukanyamaza.

"Vuta," Avit alimwambia Boniface. Boniface akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Kimya.

Avit akafungua plagi, akairudisha kwenye waya wake, akaigusisha kwenye chuma cha injini, akavuta kamba mbele ya macho ya wote waliofuata. Hakuna cheche. Akafungua kifuniko, akachovya kitambaa kwenye ndoo ya maji ya wakata miti, akakibana juu ya koili. Kikafuka mvuke. Akakichovya tena, akakirudisha, akangoja. Kisha akavuta, na cheche ya bluu ikaruka.

"Nani amefungua sasa?" Alikuwa analia. "Mama yule mmemvunja meno, hawezi kusema. Ni kitambaa ndicho mchawi?"

Jiwe la Yuster likaanguka. Akaenda mbio kwenye mti, akaanza kufungua kamba.

"Na huyu fundi ni mchawi mwenzake!" Boniface akainua panga. Lilimchana Avit kutoka kiwiko mpaka karibu na kifundo cha mkono. Hapo ndipo Rutaihwa alipoyaacha macho yake yatoke kwenye viatu. Akamkaba mpwa wake kwa nyuma, wakaanguka wote.

Boniface alichukuliwa na polisi, na mjomba wake pia. Avit, mkono umeshonwa, alikwenda kuandikisha maelezo. Askari alipotaka kuandika kwamba wananchi walipata taarifa za uongo, alimkatiza. "Andika ni mimi niliyesema. Andika neno lenyewe."

Ma Edvina alilazwa Bukoba. Uhai wake uliokolewa. Mkono ule hautashika jembe tena. Avit alikwenda kumwona na samaki wa kukaanga, akaketi kwenye ukingo wa kiti.

"Wewe ndiye fundi," Ma Edvina alisema polepole, kwa sababu ya meno. "Uliwaambia nini kwenye simu?"

"Moto umefungwa. Nilikuwa nafanya mzaha, Mae."

"Na ulijua mashine imekuwaje?"

"Nilijua."

Avit alisubiri laana, na angeipokea kwa shukrani.

"Waitu, jamani," alisema Ma Edvina. "Si ungesema tu imeharibika."

Akageuza uso ukutani. Avit akabaki ameketi pale, samaki wakipoa magotini, na hakuwa na neno lolote la kumchekesha.