Binti wa Arobaini na Nne

Kila mwezi wa Chait, maua ya burans yakishawaka mlimani, Kundan Das alijitwika dhol, ngoma yake ya shaba, akamchukua mkewe Rukma aimbe, wakatoka Kandoli kwenda kuwazungukia mabinti wa kijiji walioolewa mabonde ya mbali. Walikuwa arobaini na watatu. Hakuwaandika popote. Alimjua kila mmoja kwa jina, kwa nyumba ya baba yake na kwa ua alikoolewa. Binti akiisikia dhol ya kwao uani hutoka na mchele na sukari guru, humwita mpigaji kaka, huuliza kama mama bado anakohoa. Asiyejiwa na dhol Chait nzima, mawifi humwambia kwamba kwao wamekwisha.

Mwaka huo Kundan alitimiza miaka sitini na mmoja, na kumbukumbu yake ilianza kumchezea. Alipofika Maikot aliukuta mlango wa binti wa Kandoli aliyeolewa pale, Saradi, una kufuli. Jirani akamwambia wamehamia Dehradun tangu vuli. Alikuwa anageuza mgongo, mwanamke wa nyumba ya pili akatoka na ungo wa mchele.

"Kaka, mwaka huu umechelewa," akasema.

Kundan alimtazama. Akazipita moyoni nyumba zote za Kandoli, kuanzia juu hekaluni hadi chini kwenye kinu cha maji, akiutafuta uso ule. Hakuuona. Akaanza upya kutoka kinuni. Rukma alimnong'oneza kwamba hamjui kabisa, lakini Rukma huyo huyo juzi alisahau jina la mkwewe. Wa kuaminiwa nani? Kumsahau binti wa kijiji ni aibu isiyomwisha mpigaji. Basi akakaza kamba, akapiga, kulia kwa kijiti, kushoto kwa kiganja, na Rukma akaimba kwa mashaka. Walipofika pale pa kutaja Kandoli, mwanamke alishuka uani akaweka mkono juu ya ngozi ya dhol. Ikanyamaza.

"Si Kandoli," alisema taratibu. "Mimi ni Sobati wa Paligaon."

Paligaon ilikuwa chini ya maji ya bwawa mwaka wa tisa sasa. Watu wake walitawanywa huko tambarare, na mpigaji wao, Matbar Das, alikuwa akiziba matairi kando ya barabara ya Haridwar.

Mama mkwe wa Sobati alicheka kutoka barazani. "Mkwe wangu kaokota kaka njiani. Mpigie basi, wewe Das. Au unangoja bwawa likauke?"

Kundan akaketi kwenye jiwe la pembeni, lile la watu wa tabaka lake la chini, ambako maji ya kunywa humiminiwa viganjani kutoka juu ili midomo yao isiguse chombo. Watu hawa wa koo kubwa hawakuweza kuamsha miungu yao wala kuozesha watoto wao bila mikono yake, na bado walimwogopa kwa ajili ya kikombe! Alilizoea jiwe hilo. Hakuzoea mwanamke wa ukoo mkubwa kuigusa dhol yake, na hakujua aone furaha au hofu. Mabinti wa Paligaon walikuwa haki ya Matbar, na kuwapigia ni kuvuna shamba la mwenzio. Lakini mwenye shamba hayupo, na shamba lenyewe limezama. Hapo ni kuiba, au ni nini?

"Dada, kila kijiji kina mwingilio wake, mdundo wa kuingilia uani," alisema mwishowe. "Wa kwenu siujui. Nikiukosea nitakuwa nimekizamisha mara ya pili."

"Mimi naujua."

Sobati akapindua sufuria ya shaba, akaigonga kwa vidole. Kundan akafuata, akapotea, akarudi mwanzo, akapotea palepale. Sobati naye akaanza kusita, akagonga hivi, akagonga vile, machozi yakimlenga.

"Katikati anakawia," sauti ikatoka barazani. Mama mkwe hakucheka tena. "Matbar aliingia ua huu miaka kumi na mbili. Anakawia, kisha anaangusha mara mbili. Mnaharakisha nini?"

Kundan akakawia. Akaangusha mara mbili. Sobati akaiachia sufuria, akaanza kuzitaja nyumba za Paligaon moja moja, na Rukma akaziimba kama zilivyokuja.

Jioni walifika ua wa binti halali wa Kandoli, Jhabri. Kundan alipiga, na Jhabri akasimama mlangoni na ungo wake, uso umekunjamana.

"Kaka, mwingilio huu si wetu."

Kundan aliitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. "Kweli," akasema. "Ngoja, dada. Wenu unaanzaje?"